Renfro, Mzee Suud na Walii wa Akiba

Columbus, Ohio
22 Agosti 2025

Shangazi yangu Kheiria,

Assalaam alaykum. Naandika kwa Kiswahili na kwa sentensi nzima, kama ulivyoniamrisha siku ile uwanja wa ndege, kwamba simu ni ya kupelekeana picha za chakula na mwenye khabari ya maana aandike barua. Hii ndiyo barua, ingawa inakuja kwa kompyuta. Mimi mzima. Nimepata chumba karibu na chuo, nimeshaunguza sufuria moja ya wali, na jirani amenifundisha kukinyamazisha kile kidude cha darini kinacholia kikinusa moshi. Nimefurahi mno dada Nawar kujifungua salama. Mwambie Mama, huko Sohar aliko, anitumie picha ya mtoto ambayo kidole chake hakikuziba nusu.

Sasa nina ombi, na tafadhali usilikatae kabla hujafika mwisho wa ukurasa. Wamarekani wana mpira wao. Wanauita wa miguu lakini wanaushika kwa mikono, na wenyewe si duara, umechongoka huku na huku kama limau. Wenzangu wa darasani wana ligi ya kubuni juu ya mpira huo. Kila mtu anajipangia timu yake kwenye kompyuta kwa kuchagua wachezaji wa kweli kutoka klabu mbalimbali. Wachezaji hao wakicheza Jumapili kwenye viwanja vyao, mbio zao na magoli yao yanageuka kuwa pointi zako. Kila wiki unapambanishwa na mtu mmoja, na mwenye pointi nyingi ndiye mshindi. Hakuna fedha ndani yake, ni masihara ya kupitishia wiki.

Tulikuwa kumi na wawili, mmoja amejitoa, na ligi haichezeki watu wakiwa witiri. Nimeandika jina lako. Huna haja ya kufanya lolote, siku ya kuchagua wachezaji kompyuta itakuchagulia. Najua umestaafu na unasema hujui ufanye nini na jioni zako.

Mwanao anayekutii (isipokuwa katika hili),
Anas


Qurum, Maskati
3 Septemba 2025

Mwanangu Anas,

Waalaykum salaam warahmatullah. Salamu zimefika na sufuria nimeisamehe. Sisi huku wazima. Joto limeanza kuchoka lakini halijaondoka. Mama yako anasema harudi mpaka Nawar atimize arobaini, kwa hivyo nyumba mbili za ukoo huu nazilinda mimi, na paka wenu ananidharau. Mtoto ameitwa Badr, jina la marehemu baba yako. Nilipoambiwa nililia kidogo, halafu nikala mkate wa kumimina mzima peke yangu.

Gari yangu ilikufa kiyoyozi, na wewe unajua Maskati bila ya kiyoyozi mtu anaiva. Nikaipeleka mtaa wa Ghala kwa Mzee Suud. Unamkumbuka, mwenye gereji, mume wa marehemu rafiki yangu Ghadeer. Ana mafundi tele lakini aliingia chini ya gari mwenyewe, na umri ule. Halafu akanirejesha nyumbani kwa gari yake kwa sababu yangu ilikuwa bado. Njia nzima hakusema neno ila kunionesha mahali wanapojenga daraja. Basi, hilo si neno.

Neno ni hiyo ligi yako. Umeniandika bila ya kuniuliza, na ningekasirika kama nisingefurahi. Kompyuta inichagulie kwa nini, mimi nimekufa? Nilikaa na birika langu la kahawa nikawasubiri. Lakini mnampa mtu dakika na nusu kuchagua mchezaji. Dakika na nusu, Anas. Mimi kuchagua kabati la vyombo ilinichukua tangu Rajab mpaka Shaaban. Kila nikianza kusoma khabari za mtu, kengele inalia na kompyuta inanichukulia mwingine. Hivyo ndivyo nilivyompata huyo Mack Dillard, mkimbiaji, ambaye naambiwa ni mkubwa wa kazi.

Nafasi ya mwisho nikasema hii haichagui mtu ila mimi. Nikamchukua Tobias Renfro. Ni chipukizi wa mwaka wa kwanza, mkimbiaji wa akiba katika klabu hiyohiyo ya Dillard. Wenzako wameniwekea vile vichwa vya manjano vinavyocheka mpaka machozi. Wacha wacheke. Wao wanauliza kijana ana mbio kiasi gani. Sisi tukiletewa posa hatuulizi mbio. Tunauliza kalelewa na nani, anasalimia watu, anawaheshimu wakubwa. Nimesoma kwamba Renfro kalelewa na bibi yake, na kila baada ya mazoezi anambebea Dillard vifaa vyake mpaka chumbani. Chanda chema huvikwa pete.

Sasa niambie mustakabali wake, maana wewe ndiye unayewajua watu hawa. Usinipambie.

Shangazi yako,
Kheiria


Columbus
21 Septemba 2025

Shangazi mpenzi,

Baada ya salamu, naomba radhi kwa kuchelewa. Masomo yamenikamata. Hapa miti imeanza kugeuka rangi na watu wanasema ni baridi inakuja. Wali wangu sasa unalika. Mpe pole paka.

Mustakabali wa Renfro, bila ya kupamba, ni mdogo. Mkimbiaji mkuu ndiye anayepewa mpira tangu mwanzo mpaka mwisho, na wa akiba anaingizwa mwenzake akitaka kunywa maji. Dillard ana nguvu za punda na kwa miaka haijasikika kaumwa hata kidole. Renfro ana mbio, hilo wanakubali wote, lakini katika mechi za majaribio aliuangusha mpira, na kocha hamwamini katika ile kazi ya kumkinga mrushaji wa mpira asiangushwe. Na kule kubeba vifaa, samahani sana, si adabu yake. Hapa chipukizi wote wanabebeshwa mizigo ya wakubwa, ni mila ya kambi.

Mtu kama huyo ni gurudumu la spea. Unamweka kwa sababu unaye Dillard, ili Dillard akipasuka uwe na la kufungia. Lakini una nafasi chache benchi, na ushauri wangu ni umwachie, uchukue anayecheza.

Kabla sijamaliza. Mzee Suud amenipigia simu. Mara ya kwanza mwanzoni mwa mwezi, mara ya pili juzi. Aliuliza khabari za masomo, baridi, na bei ya magari. Halafu akasema jambo moja kwa heshima kubwa, akaniomba nisikuharakishe. Tangu Baba alipofariki mimi ndiye walii wako, mwenye kukuozesha, kwa hivyo nadhani unaweza kulikisia. Kama unalijua na unataka tulizungumze, mimi nipo. Kama hulijui, basi mimi sijasema kitu.

Wako,
Anas


Qurum
29 Oktoba 2025

Mwanangu Anas,

Waalaykum salaam. Usiulize kwa nini nimekawia. Kulikuwa na harusi Barka, kisha mafua ya harusi ya Barka, kisha mtandao, kisha sikuwa na la kusema, kisha nikawa nalo likanitoka. Mama yako amerudi na anakusalimu. Mtoto Badr amenenepa na ana hasira za babu yake. Hewa imekuwa tamu, watu wameanza kutoka jioni na kutembea ufukweni bila ya kusudi.

Renfro sikumwachia. Nimeusoma ushauri wako, ni mzuri, nimeuweka mahali. Nimeshinda mara chache na kufungwa zaidi, lakini Dillard ananibeba. Sikiliza lililonikuta. Jumatatu nilikwenda Mutrah kununua kitambaa, na meli ya watalii imetia nanga Bandari ya Sultan Qaboos, suku, lile soko la kale, imejaa watu wekundu. Mbele yangu, kwenye duka la ubani, mzee mmoja wa Kimarekani kavaa fulana ya klabu ya Renfro, rangi ileile. Mkewe anagombania bei. Nikamgusa begani kwa ncha ya mwavuli.

"Samahani bwana," nikamwambia kwa Kiingereza, "huyu Renfro wenu unamuonaje?"

Alinitazama kuanzia mtandio mpaka viatu. Nadhani alidhani jua limempata.

"Renfro yupi?" akaniuliza.

"Wa akiba. Nnaye benchi."

Mwanangu, mzee yule alikaa juu ya gunia la ubani. Tulizungumza mpaka mkewe akamaliza kununua na kutugeukia sisi. Alisema huwa anakwenda uwanjani kila Jumapili, na kwamba Renfro anakimbia vizuri kuliko Dillard lakini hajui bado kwamba anaruhusiwa. Hayo ndiyo maneno yake. "Siku moja atalazimika," akasema, "na hapo tutajua." Nikamnunulia kahawa na halwa, na mkewe akanipiga picha.

Hilo jambo jingine, ulilolisema huku hulisemi, mimi pia nimelisoma huku silisomi. Lakini nitakukumbusha kitu, maana umekulia katika nyumba yetu na inawezekana hukuwa unasikiliza. Mwanamke wa kwetu habebi posa yake mwenyewe akaipitisha kama sahani ya sambusa. Walii akiwa na neno, walii huanza. Mimi naandika khabari za mpira.

Shangazi yako,
Kheiria


Columbus
11 Novemba 2025

Shangazi,

Salamu nyingi, nyingine nitakuletea baadaye kwa sababu hii ni ya haraka. Dillard ameumia goti juzi Jumapili. Amebebwa kwa kigari, na leo wamesema hatacheza kwa wiki kadhaa. Renfro ndiye ataanza. Kila mtu katika ligi anamtafuta na anakuta unaye wewe. Yule Travis wa Texas, aliyekucheka zaidi kuliko wote, ananiomba nikushawishi umbadilishie. Usikubali.

Fanya hivi tu. Ingia, bonyeza jina la Dillard, bonyeza jina la Renfro, watabadilishana nafasi. Una muda mpaka Jumapili. Wiki hii ukishinda una tumaini la kuingia mtoano.

Mzee Suud hajapiga simu tena tangu Septemba, na mimi sikumpigia. Kuhusu walii kuanza, nimelisoma, na nimekaa nalo. Hili lingekuwa la Baba. Mimi sijui huanzwa wapi.

Anas


Qurum
18 Novemba 2025

Mwanangu Anas,

Waalaykum salaam. Wote wazima. Tumejiandaa kwa sikukuu ya taifa, barabara zote zina taa, na mama yako amepachika bendera kwenye gari mpaka haoni kioo cha nyuma. Nimekuandikia mapema kabla hujanipigia kelele.

Ndiyo, umeona sawa. Sikumuingiza.

Barua yako niliipata, na muda nilikuwa nao. Nilikaa mbele ya kompyuta, nikaweka kidole juu ya jina la Dillard, nikakiondoa. Mtu ameanguka mbele ya umma, mkewe yuko jukwaani anaangalia, na mimi kabla mguu wake haujafungwa nishamuinua na kumkalisha kijana mahali pake. Kwetu mgonjwa hutazamwa kwanza. Nikasema wiki hii moja nafasi yake ikae na jina lake, iwe heshima, wiki ijayo tutazungumza. Naye, kama unavyojua, akanipatia sifuri. Na Renfro, kwenye benchi langu, akauvusha mpira mstari wa mwisho mara tatu. Ningeshinda kwa mbali. Travis ameandika kwamba mimi ni mtu wa kwanza duniani kumchezesha mchezaji aliye kwenye magongo.

Nilicheka. Kisha nikaenda jikoni kupasha chai, nikajikuta sicheki.

Ile nyumba ya Suud mapazia yake aliyachagua Ghadeer, na mimi ndiye niliyekwenda naye kuyachagua. Alipougua nilikuwa naye kila siku mpaka mwisho, na alipofariki nilimkosha mimi kwa mikono yangu, hakukubali mtu mwingine na aliusia hivyo. Sasa niingie pale kwa mlango wa mbele nimejitia hina, nikae kiti gani? Watu watasema alikuwa anamuuguza mwenzake huku anapima nafasi. Watu wasiposema, nitasema mwenyewe. Naona haya, Anas. Na nina hasira kwamba naona haya, kwa sababu nimekaa miaka tisa tangu mume wangu Khalil afariki, na nimechoka kupika wali wa mtu mmoja. Hakuna sufuria inayojua kupika wali wa mtu mmoja.

Suud alikuwa akipita kila Ijumaa baada ya sala, anagonga, anaacha tende au samaki, anaondoka bila ya kuingia. Wiki mbili hizi hakupita.

Hayo yote sijayasema. Nilikuwa naeleza kwa nini sikubonyeza.

Kheiria


Columbus
28 Novemba 2025

Shangazi yangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Theluji ya kwanza imeanguka, nimeikanyaga, haina maana kubwa. Jumapili iliyopita ulimuingiza Renfro na ukashinda, na Travis amekuwa na adabu ghafla. Hizo ndizo salamu na khabari.

Jana nilimpigia simu Mzee Suud. Nilitembea chumbani kabla yake mpaka jirani wa chini akagonga dari. Nilimuuliza hali, akasema alhamdulillahi. Nikamuuliza gereji, akasema alhamdulillahi. Halafu akaniambia, "Mwanangu usisumbuke, n'shafahamu. Kimya nacho ni jibu, na mimi nnamheshimu." Hana kinyongo hata kidogo, Shangazi, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema dada yake anakwenda Nizwa Alkhamisi ijayo kumposea mtu huko, na yeye amechoka kumkatalia.

Kwa hivyo kimya chetu, changu na chako, kimekuwa jibu ambalo hakuna kati yetu aliyelitoa. Mimi nilikuwa nangojea wewe uanze kwa sababu wewe ndiye mkubwa, ulinifundisha kufunga kamba za viatu. Wewe ulikuwa unangojea mimi nianze kwa sababu mimi ndiye walii. Tungeweza kukaa hivi mpaka mtoto Badr aoe.

Baba angejua. Angekuja kwako Alasiri, angekunywa vikombe vitatu vya kahawa, angekutania juu ya uendeshaji wako, halafu angeuliza katikati ya kicheko kama anayeuliza bei ya samaki. Na wewe ungemtupia kanga, na jibu angelijua. Mimi hayo siyawezi, na niko mbali. Nikaenda kumuuliza imamu wa msikiti wa hapa, Msomali mmoja mpole, kama naweza kukichukua kimya chako kuwa ni ridhaa. Akacheka. Akasema msichana akinyamaza, kunyamaza kwake ni idhini. Mjane hapana. Mjane mpaka aseme kwa ulimi wake, na walii hana ruhusa ya kumsemea.

Kuhusu Bi Ghadeer. Wewe hukumvunja goti Dillard, Shangazi. Alianguka, na wewe ulikuwa umemshika mkono. Watu watakaosema ulikuwa unapima nafasi hawakuwepo saa unamkosha. Mtu aliyeusia akoshwe na wewe alikuwa anajua anamwachia nani mwili wake, na sidhani angekunyima kiti.

Basi naanza. Sina kahawa na sina utani. Suud bin Ghaith anakuposa kwa heshima, kwa njia yangu mimi. Mimi simuoni na kosa. Unamtaka?

Anas


Qurum
1 Disemba 2025

Mwanangu Anas,

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Wazima wote, mtoto kaota jino, sina nafasi ya mengine.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa. Nimeletewa posa mbili katika maisha yangu, na hii ndiyo ya kwanza kuulizwa kama swali la mtihani. Babu yako angekupiga kibao. Mimi niliisoma mara ya pili nikaona hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kwa uwazi namna hiyo, hata marehemu Khalil, ambaye alimtuma shangazi yake na yeye akakaa garini.

Nilitaka kukujibu siku ileile, nikaogopa. Jana akaja Afra, binti yake Suud, bila ya kupiga simu. Kavaa nguo za kazi, ametoka benki moja kwa moja, na mkononi ana chombo cha chakula.

"Khaloo, hiki ni cha baba," akasema. "N'nampelekea gereji, maana nyumbani hali wala halali. Nimepita kukuuliza kitu, na haya sina nyingi. Unamkataa baba yangu au unamkalisha akungoje?"

"Nani kakwambia n'namkataa?"

"Hajaambiwa kitu tangu Septemba. Shangazi yangu keshanunua vitambaa vya kupeleka Nizwa."

Nikamuuliza lile ambalo lilikuwa kooni mwangu. Nikamwambia, na mama yako? Aliweka kile chombo juu ya meza.

"Mama yangu nnamlilia," akasema, "na nitamlilia baba akioa na nitamlilia asipooa. Ila sasa hivi nnamlilia huku n'nambebea mtu mzima chakula mpaka Ghala kila siku. Bora nimlilie na baba yangu ameshiba."

Tulicheka, Anas, mpaka tukashikana, kisha tukalia kama ilivyopasa, kisha tukakila kile chakula. Ilibidi nipike kingine cha Suud, na nilikipika cha watu wawili kwa makosa. Afra akakibeba chote.

Haya, sikiliza, na ulisome kwa sauti ili uwe umesikia. Mimi Kheiria binti Amur, mjane, nikiwa na akili zangu na bila ya kulazimishwa, kwa ulimi wangu namkubali Suud bin Ghaith. Nimelisema jikoni kwa sauti kabla ya kuliandika. Mama yako alikuwa mlangoni na amepiga kigelegele mpaka jirani Bashayer akaja kuuliza kuna nini, kwa hivyo hadi Magharibi Qurum yote itakuwa inajua. Mpigie Suud leo. Usingoje kesho. Alkhamisi yule dada yake atawasha gari, na mwanamke yule akishawasha gari harudi.

Mashariti yangu ni haya. Picha ya Ghadeer haiondoki ukutani. Mapazia nitayabadilisha, maana hata yeye aliyajutia, na ananisikia huko aliko. Viatu vya gereji vinabaki nje. Nitakwenda kumzuru Ghadeer kaburini kabla ya akdi ya ndoa, peke yangu, nimwambie mwenyewe.

Renfro anaanza tena Jumapili. Dillard akirudi, wanasema watagawana mpira, na mimi naona wataenea wote wawili. Travis mwambie simbadilishi.

Akdi tuiweke utakapokuja likizo, mwishoni mwa mwezi, nyumbani kwetu, watu wachache na wali mwingi. Najua unaogopa. Najua unadhani umekalia kiti cha mtu, na kwamba watu wakikutazama watamuona asiyekuwepo. Nilikuwa na mawazo hayohayo mpaka juzi, na wewe ndiye uliyenitoa humo. Badr alikuwa ndugu yangu na nitamlilia siku ile, usishtuke ukiniona. Lakini sikuulizwa na Badr. Niliulizwa na wewe.

Kadhi atasema, "Walii nani?" Usimwambie kwamba umekaa badala ya baba yako. Mtajie jina lako, kisha unioze.

Shangazi yako,
Kheiria